Kabla ya Kuwasha Moto wa Atomiki

Watu wa Sepuka, katika wilaya ya Ikungi mkoani Singida, hulima alizeti, mtama na uwele, hufuga ng'ombe na kuku, na kama wakulima wote wa nchi kavu ile, huijua vizuri thamani ya maji na thamani ya umeme. Alizeti isiyokamuliwa hapo hapo huuzwa kwa bei ya mbegu, na faida ya mafuta humwendea mwingine mwenye mashine. Kisima kirefu kisicho na pampu ni shimo tu. Basi, atakayekwenda kuwaambia watu wa Sepuka kwamba umeme mwingi si kitu cha lazima atachekwa, na atakuwa amestahili kuchekwa.

Twaanza na neno hili ili wasomaji wetu wasidhani kwamba somo la leo limeandikwa na watu wanaoogopa kila kitu kipya. Katika miaka hii habari za nguvu za atomiki zimekuwa karibu nasi kuliko zamani. Uganda imechagua mahali pa kujenga kituo cha umeme wa namna hiyo, Buyende, karibu na Ziwa Kyoga. Rwanda ilitia sahihi mwaka 2023 mapatano ya kujenga kinu cha majaribio. Kenya imo mbioni. Na hapa petu Tanzania, mwezi Julai 2025, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua kiwanda cha majaribio cha kusafisha urani huko Namtumbo, mkoani Ruvuma. Na urani ndiyo kuni ya moto huo. Hata mkoa wa Singida wenyewe una urani ardhini, upande wa Manyoni. Yafaa basi baba na mama wa nyumba wajue jambo lenyewe ni nini na hatari yake iko wapi, maana hatari hiyo mara nyingi haipo pale watu wanapoitazamia.

Kila kitu duniani kimeundwa kwa chembe ndogo mno ziitwazo atomu, na kila atomu ina kiini. Kiini cha urani ni kizito, na katika aina moja ya urani kiini hicho kikigongwa na chembe iitwayo nyutroni hupasuka vipande viwili. Kwa kupasuka hutoa joto kubwa, na pia hutoa nyutroni nyingine mbili au tatu, ambazo nazo huenda kupasua viini vingine, na hivyo hivyo bila kukoma. Ukiuacha mpasuko huo uende ovyo katika urani iliyochujwa sana, una bomu. Ukiutia hatamu, uende polepole na kwa kipimo, una kinu cha atomiki. Joto la kinu huchemsha maji, mvuke huzungusha mtambo, na mtambo huzalisha umeme. Kutoka kwenye mvuke hadi kwenye taa ya nyumbani hakuna ajabu yo yote. Ni kazi ile ile ifanywayo na makaa ya mawe. Ajabu iko katika kuni zenyewe: kidonge kimoja cha urani kisichozidi ncha ya kidole hutoa nguvu karibu sawa na tani nzima ya makaa ya mawe.

Wako wanaoogopa kwamba kinu chaweza kulipuka kama bomu la Hiroshima. Hofu hiyo haina msingi. Urani itumiwayo katika vituo vingi vya umeme imechujwa mpaka asilimia tatu au tano tu, na ile ya bomu hufika asilimia themanini na zaidi. Hatari ya kweli ni nyingine, nayo twaweza kuiita hatari ya majivu na makaa.

Vile vipande vya kiini kilichopasuka ndivyo majivu. Navyo hutoa mionzi isiyoonekana kwa macho, isiyo na harufu wala ladha, ambayo ikimpata mtu kwa wingi huunguza mwili wake kwa ndani, na ikimpata kidogo kidogo kwa muda mrefu yaweza kumletea saratani. Baadhi ya majivu hayo hufa baada ya siku chache. Mengine, kama sesiamu, hupungua nusu kila baada ya miaka 30. Mengine huchukua maelfu ya miaka. Tena majivu haya ni ya moto. Kila mama wa nyumbani ajua kwamba ukiondoa kuni mafigani, makaa yaliyobaki bado yaweza kuunguza ugali. Kinu cha atomiki ni vivyo hivyo. Kikizimwa, dakika ile ile bado hutoa sehemu sita au saba katika mia za joto lake, na hata baada ya siku nzima joto lililobaki katika kinu kikubwa hutosha kuyeyusha matumbo yake chenyewe, isipokuwa maji ya kukipoza yaendelee kusukumwa ndani bila kukatika.

Hayo ndiyo yaliyotokea Fukushima, nchini Japani, tarehe 11 Machi 2011. Tetemeko la ardhi lilipotokea, vinu vilivyokuwa vikifanya kazi vilizimika vyenyewe kama ilivyotakiwa. Lakini umeme wa nje ulikatika, kisha mawimbi ya bahari yakaruka ukuta na kuzamisha injini za dizeli zilizowekwa kwa ajili ya dharura. Pampu zikasimama. Vinu vitatu vikayeyuka, na watu zaidi ya 150,000 wakalazimika kuhama makwao. Mwaka 2012 tume iliyoundwa na Bunge la Japani ilitoa hukumu yake: msiba ule ulikuwa kazi ya wanadamu. Wakaguzi wa serikali walikuwa wamezoeana mno na kampuni waliyopaswa kuikagua, nao walikuwa chini ya wizara ile ile iliyokuwa ikihimiza vinu vijengwe. Na hii ni Japani, nchi ambayo watu wake husifiwa kwa uangalifu.

Ya Chernobyl, katika uliokuwa Muungano wa Kisovieti, yanajulikana zaidi. Kinu kiliharibika usiku wa tarehe 26 Aprili 1986 wakati wa jaribio lililoendeshwa vibaya, na wakazi wa mji wa Pripyat, ulio karibu kabisa, walikaa muda wa saa 36 hivi kabla ya kuhamishwa. Watoto walicheza nje siku nzima. Wakubwa walikuwa wamekwisha kujua.

Sasa tuirudie nchi maskini. Kinu chahitaji umeme wa nje ulio imara ili kijipoze kinapozimwa. Tarehe 25 Agosti 2023 karibu nchi yote ya Kenya ilikaa gizani kwa saa nyingi, na sisi Watanzania nasi hatuna haja ya kufundishwa maana ya umeme kukatika. Liko pia jambo la ukubwa. Mafundi hushika kanuni kwamba mtambo mmoja usizidi sehemu moja ya kumi ya umeme wote wa nchi, kusudi ukizimika ghafula usivute nchi nzima gizani. Katika mwaka 2025 mahitaji ya juu kabisa ya umeme ya Tanzania yalikuwa kama megawati 1,900. Kinu cha kawaida cha megawati 1,000 kingekuwa zaidi ya nusu ya hayo. Ni sawa na kumfunga tembo katika kamba ya mbuzi. Wauzaji hujibu kwamba sasa viko vinu vidogo. Labda, lakini vinu vidogo vya namna hiyo vinavyotoa umeme ulimwenguni hadi leo vyahesabika kwa vidole, na si lazima nchi maskini iwe ya kwanza kujaribiwa.

Haya yote, hata hivyo, ni maneno ya wahandisi, na wahandisi wanaweza kuyapatia dawa. Kinachotutia sisi wasiwasi zaidi ni kitu kidogo. Tusimulie mambo yaliyotokea Goiânia, mji wa katikati ya Brazili, nchi ambayo wakati ule ilihesabiwa kati ya nchi zinazoendelea.

Palikuwa na hospitali ndogo iliyotibu saratani kwa mionzi. Mwaka 1985 ilihama jengo lake, na kwa sababu ya ugomvi wa kesi, mashine moja ikaachwa nyuma katika magofu. Ndani yake palikuwa na kijikopo cha chuma chenye unga wa sesiamu usiofika gramu mia moja. Hapakuwa na mlinzi wa maana. Mwezi Septemba 1987 vijana wawili waliingia wakatoa kichwa cha mashine wakidhani ni risasi ya kuuza. Walianza kutapika, wakadhani wamekula kitu kibaya. Wakakiuza kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Usiku mnunuzi yule aliona nuru ya buluu ikitoka katika kijikopo, akaona ni kitu cha ajabu, pengine cha thamani, akakiingiza nyumbani kwake. Ndugu na majirani wakaalikwa kuja kutazama. Wengine waligawiwa punje wakajipaka mwilini kwa kuwa zilimeremeta. Mtoto wa kike wa miaka sita alicheza na unga ule sakafuni, kisha akala chakula kwa mikono ile ile.

Aliyetambua ni mke wa mnunuzi. Aliona watu wote wa nyumba yake wanaugua kwa wakati mmoja, akakitilia mashaka kitu kile cha buluu. Akakitia katika mfuko, akapanda basi, akakipeleka kwa wakuu wa afya ya mji. Kwa tendo hilo aliokoa watu wengi. Yeye mwenyewe alifariki mwezi Oktoba, pamoja na mtoto yule na wafanyakazi wawili wa ua la vyuma. Watu 112,000 hivi walipimwa, na 249 wakakutwa na uchafu wa mionzi mwilini au nguoni. Nyumba zilibomolewa, udongo ukachimbwa na kuchukuliwa, na siku ya maziko ya mtoto umati ulijaribu kuzuia jeneza lake lisiingie makaburini, kwa hofu.

Wasomaji waitazame vema habari hii. Hapakuwa na kinu wala tetemeko, na adui hakuwapo. Palikuwa na mashine njema iliyokuwa imeponya wagonjwa, mpaka siku ilipokosa mtu wa kuiwajibikia. Na Brazili ilikuwa tayari na sheria za atomiki, ina tume ya atomiki, na ina wataalamu hodari. Mambo ya namna hiyo yalirudi mwaka 2000 huko Thailand, ambako watu watatu walikufa kwa kobalti iliyouzwa kama chuma chakavu, na mwaka 2010 mjini Delhi, India, ambako mashine ya chuo kikuu iliuzwa mnadani na kumwua mtu mmoja katika soko la vyuma.

Sasa tusimame katika barabara itokayo Singida kupita Sepuka kwenda Ndago. Hapa, kama katika kila barabara ya nchi yetu, hupita wanunuzi wa vyuma chakavu na mizani yao, na watoto huwakimbilia na sufuria zilizotoboka, vipande vya jembe na betri kuukuu. Hakuna ubaya katika biashara hiyo; ni riziki. Lakini vitu vyenye mionzi vimo nchini mwetu tangu zamani. Hospitali ya Bugando mjini Mwanza na ile ya Ocean Road mjini Dar es Salaam hutibu saratani kwa mionzi, na twashukuru. Wajenzi wa barabara huwa na kisanduku cha kupimia kama udongo umeshindiliwa sawasawa, na ndani yake mna punje ya sesiamu. Viwanda vina vipimo vya namna hiyo, na wachimbaji wa visima na wa madini vilevile. Kampuni ikifilisika, ikaacha kambi yake porini na mlinzi asiyelipwa, je, nani atajua kisanduku kile kilikwenda wapi?

Kazi ya kujua ni ya Tume ya Nguvu za Atomiki Tanzania, yenye makao yake Arusha, iliyowekwa kwa sheria namba 7 ya mwaka 2003. Tume hiyo hupima vyakula vitokavyo ng'ambo, hukagua mashine za eksirei, na hutoa vibali vya vitu vyenye mionzi. Ni kazi kubwa na yahitaji kuheshimiwa. Lakini sheria ile ile imeipa Tume kazi mbili: kusimamia usalama wa mionzi, na pia kuhimiza nguvu za atomiki zitumike kwa maendeleo. Kwa mashine za eksirei huenda mambo mawili hayo yakakaa pamoja bila ugomvi. Kwa kinu cha umeme hayafai kukaa chini ya dari moja. Japani ililijua hilo baada ya msiba, ikawatenga wakaguzi na wahimizaji mwaka 2012. Sisi twaweza kulijua kabla.

Tusisahau pia kwamba Afrika yetu si mgeni wa mambo haya. Urani nyingi ya bomu lililoangushwa Hiroshima tarehe 6 Agosti 1945 ilichimbwa Shinkolobwe, katika Katanga, kwa mikono ya Wakongo ambao hawakuambiwa wanachimba nini wala kitatumika wapi. Mashimo yale yalizibwa kwa zege Wabelgiji walipoondoka, lakini njaa ni fundi wa kufungua. Watu walirudi kuchimba kobalti kwa mikono, mpaka mwaka 2004 ardhi ilipowaangukia baadhi yao na kuwaua.

Kinu cha kwanza cha atomiki katika Afrika nacho kilikuwa Kongo, na historia yake yatuhusu sisi Wakatoliki kwa namna ya pekee. Aliyekileta alikuwa padre, Monsinyori Luc Gillon, Mbelgiji, mtaalamu wa fizikia na mkuu wa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Lovanium mjini Leopoldville, ambao leo ni Kinshasa. Kinu hicho kidogo cha mafundisho na utafiti kilianza kazi mwaka 1959, na kingine chenye nguvu zaidi kikakifuata mwaka 1972. Nia ilikuwa njema: kwa nini Mwafrika asisome elimu ya juu kabisa ya zama zake? Lakini ikaja miaka ambayo serikali ililegea, mishahara haikulipwa, vipuri vikakosekana. Fito mbili za urani zikaibwa katika miaka ya 1970. Moja ilionekana mwaka 1998 nchini Italia, mikononi mwa wahalifu waliokuwa wakitafuta mnunuzi. Ya pili haijaonekana hata leo. Kinu cha pili kilisimamishwa mwaka 2004, na mvua zikaendelea kumomonyoa kilima kilipojengwa.

Wasomi wa Kongo hawakuwa wajinga, na tusiwahukumu kwa haraka. Kinu huhesabiwa maisha ya miaka sitini, na majivu yake huhesabiwa kwa vizazi. Ni nchi gani ya Afrika iliyo na hakika ya hazina yake na amani yake kwa miaka sitini? Kinu kikiisha kuwashwa hakijali kama bajeti imepita bungeni, kama mwaka ni wa uchaguzi, au kama fundi aliyefundishwa ng'ambo kwa gharama kubwa amepata kazi bora zaidi nchi nyingine. Uchunguzi wa vituo vya maji vijijini uliofanywa nchini mwetu katika miaka ya 2010 ulikuta zaidi ya theluthi moja havitoi maji. Havikukosa kujengwa, vilikosa kutunzwa. Mpira mmoja uliochakaa, fungu la kijiji lisilojulikana liliko, fundi asiyefika. Pampu ya kijiji ikifa, akina mama huchukua ndoo wakaenda mbali. Pampu ya kinu haina kwenda mbali.

Namtumbo ndipo mtihani wetu wa kwanza, nao umekwisha kuanza. Mwaka 2012 Kamati ya Urithi wa Dunia ilikubali mpaka wa Pori la Akiba la Selous uhamishwe ili eneo la urani ya Mto Mkuju litoke nje ya hifadhi. Kampuni iliyo na machimbo hayo imo katika shirika la Kirusi la Rosatom. Wengi hudhani kwamba urani ikiisha kutolewa na kusafirishwa, hatari nayo imesafiri. Sivyo. Katika mchanga unaobaki baada ya kusafisha, mionzi hubaki karibu asilimia 85 ya ile iliyokuwa ndani ya mwamba, maana redi na wenzake hawachukuliwi pamoja na urani. Mchanga huo, uliosagwa laini na kulowana kwa dawa, lazima ukae katika bwawa lisilovuja, ufunikwe usipeperuke, na kulindwa miaka mingi baada ya kampuni kufunga virago. Maji ya upande ule huteremkia bonde la Rufiji, na Rufiji yanywesha watu na mashamba mengi.

Na Manyoni je? Katika miaka ya 2000 na 2010 watafiti wa kampuni ya Australia walipima urani ya Manyoni na ya Bahi, mkoani Dodoma. Urani ya huko haiko chini sana. Imelala karibu na uso wa ardhi, katika mbuga zile zile zikusanyazo maji ya mvua, ambamo watu hulima mpunga na kunywesha ng'ombe. Bei ya urani ikishuka, makampuni huondoka, ikipanda, hurudi. Siku watakaporudi, vijiji vya mkoa wa Singida vitaitwa mkutanoni kusikilizishwa habari za ajira na barabara. Itafaa wawepo watu wa kuuliza habari za maji: je, visima vyetu vilipimwa kabla ya kuchimba, na majibu yako wapi? Nani ataweka fedha benki, tangu leo, za kufukia shimo na kulinda mchanga? Mfanyakazi atapewa kipimo cha mionzi cha kuvaa kifuani, na ataonyeshwa hesabu yake kila mwezi? Mtu hahitaji kuwa na digrii ili kuuliza maswali hayo.

Wenzetu wa Uyombo, katika Kilifi, pwani ya Kenya, waliuliza. Huko ndiko Kenya ilikotaka kwanza kujenga kituo chake, kati ya bahari ya wavuvi na msitu wa Arabuko-Sokoke. Watu walilalamika kwamba habari ziliwafikia zikiwa zimekwisha kuamuliwa. Mwezi Mei 2024 walipoandamana, polisi waliwatawanya kwa nguvu, na baadhi yao wakaumizwa. Twasema wazi kwamba mradi wa atomiki unaoanza kwa virungu umekwisha kuonyesha jinsi utakavyotoa habari siku ya hatari. Mwaka 2025 macho ya wakuu wa Kenya yaligeukia Siaya, kando ya Ziwa Victoria. Ziwa hilo ni letu pia. Musoma na Mwanza hunywa humo. Wala jambo hili haliko mbali na Singida, kwa kuwa njia kubwa ya umeme kutoka Isinya nchini Kenya, kupitia Namanga na Arusha, huishia Singida, na tangu Desemba 2024 umeme hupita humo. Huenda siku moja taa ya Sepuka ikawashwa kwa umeme wa kinu ambacho hakuna Mtanzania aliyeulizwa habari zake.

Haki yadai tuseme na upande wa pili. Kwa kila kipimo cha umeme kilichotolewa, makaa ya mawe yameua watu wengi sana kuliko atomiki, kwa moshi na kwa migodi kuanguka. Moshi wa kuni na mkaa huua akina mama na watoto wachanga katika nyumba zetu kila mwaka, kimya kimya, bila gazeti kuandika. Mabwawa hutegemea mvua, na mwaka 2022 ukame ulituonjesha mgao wa umeme. Koeberg, karibu na Cape Town, kumetoa umeme wa atomiki tangu mwaka 1984. Misri inajenga vinu vinne huko El Dabaa. Makao Matakatifu yenyewe ni mwanachama wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki tangu mwaka 1957. Kwa hiyo hatusemi kwamba Mwafrika amekatazwa moto huu.

Twasema habari ya utaratibu. Bwawa la Julius Nyerere, lenye megawati 2,115, limekamilika. Jua halijapungua, na upepo wa Singida umepimwa na kuandikiwa mipango kwa miaka mingi. Hakuna kinachotukimbiza. Nchi itakayoweza kutaja, kwa hesabu iliyo wazi kwa umma, mahali kilipo kila kisanduku cha mionzi kilichomo ndani ya mipaka yake, na ikalinda mchanga wa Namtumbo kwa miaka kumi bila kuficha kipimo hata kimoja cha maji, nchi hiyo itakuwa na haki ya kuzungumza habari za kinu. Kabla ya hapo, mwenye kusaini mkataba awe na hofu.

Wakati tukingoja, liko la kufanya nyumbani jioni hii hii. Wazazi wawafundishe watoto alama ya mionzi: duara dogo jeusi, lililozungukwa na mapanga matatu mafupi kama ya feni, juu ya rangi ya njano. Iko na alama mpya, iliyokubaliwa mwaka 2007, ya pembetatu nyekundu yenye mapanga hayo, fuvu la kichwa na mtu anayekimbia. Mtoto akiona alama hiyo juu ya chuma, au akiona chuma kidogo kilicho kizito ajabu kuliko ukubwa wake, kilichofungwa kwa risasi, asikiguse, asikipige nyundo, asikipeleke kwenye mizani. Asikibebe kwenda nacho kwa mwenyekiti, hata kwa nia njema. Aondoke, awazuie wenzake wasisogee, na aende mikono mitupu kumwambia mkubwa. Naye mkubwa apeleke habari kwa mtendaji wa kijiji na polisi, ili Tume iitwe kutoka Arusha. Mnunuzi wa vyuma chakavu naye afundishwe hayo hayo, kwa maana huyo ndiye atakayekishika wa kwanza.